Sanyuanli: Vita, imani na majina ya waliokufa

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayefika Guangzhou, kusini mwa China, hachelewi kulijua jina la Sanyuanli. Ni eneo la kaskazini mwa mji, lenye kituo cha treni ya chini ya ardhi na masoko makubwa ya mabegi, viatu, saa na nguo. Wenye maduka ya Kariakoo mjini Dar es Salaam, ya Eastleigh mjini Nairobi na ya Kikuubo mjini Kampala wamekuwa wakiagiza mizigo huko kwa zaidi ya miaka 20.

Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba jina hilo, kwa Mchina yeyote aliyemaliza shule, halimaanishi soko. Linamaanisha vita. Mwezi Mei mwaka 1841 wakulima wa kijiji cha Sanyuanli na vijiji jirani walipambana na jeshi la Uingereza, lililokuwa na silaha bora kuliko zao. Waliokufa wamejengewa mnara wa mawe, na hekalu walikokula kiapo limegeuzwa kuwa makumbusho.

Kisa hicho kinastahili kuelezwa kwa Kiswahili. Kinatufundisha historia ya wenyeji wetu, na tena kinaibua swali linalotuhusu sisi wenyewe: mtu anapokufa vitani, nani huwa na wajibu wa kumkumbuka, na amkumbuke kwa namna gani?

Kasumba na fidia

Chanzo cha vita kilikuwa kasumba. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliinunua India na kuiingiza China kwa magendo kupitia Guangzhou, mji ambao wakati huo Wazungu waliuita Canton. Fedha ya China ilitoka nje kwa wingi, na mamilioni ya watu wakawa watumwa wa kilevi hicho. Mwaka 1839 mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, alikamata zaidi ya masanduku 20,000 ya kasumba na kuyateketeza huko Humen, karibu na mlango wa Mto Lulu. Uingereza ikajibu kwa kutuma manowari.

Mwishoni mwa Mei 1841 majeshi ya Uingereza, yakiongozwa na Meja Jenerali Hugh Gough, yaliteka ngome 4 juu ya vilima vya kaskazini mwa Guangzhou. Mji ukawa chini ya midomo ya mizinga. Tarehe 27 Mei yalifikiwa makubaliano: wakuu wa mji wangelipa fidia ya dola milioni 6 za fedha, na majeshi ya nasaba ya Qing yangeondoka na kwenda mbali. Kapteni Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, aliona kwamba shughuli imekwisha.

Kwa wenye vyeo wa pande zote mbili ilikuwa imekwisha kweli, lakini wanavijiji walioishi chini ya ngome zile hawakuwa wameshirikishwa katika mapatano hayo. Askari waliokuwa wakisubiri fidia ilipwe walizunguka mashambani wakitafuta chakula na mifugo. Nyumba ziliporwa na wanawake wakabughudhiwa. Jambo jingine, ambalo hata maandishi ya Waingereza wenyewe hayalifichi, ni kwamba baadhi yao walifungua makaburi ili waone jinsi Wachina wanavyozika maiti zao.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Katika jamii inayoamini kwamba wahenga bado wana sehemu katika maisha ya walio hai, kufukua kaburi ni kosa lisilosuluhishwa kwa fidia. Masimulizi ya Kichina yanamtaja mkulima wa mboga, Wei Shaoguang, kuwa ndiye aliyeanza kupambana na askari hao tarehe 29 Mei, baada ya mkewe kuvamiwa. Lakini hasira iliyovikusanya vijiji vingi kwa siku moja ilikuwa na mizizi mirefu zaidi ya kisa cha nyumba moja.

Bendera kutoka hekaluni

Wanavijiji walikutana katika hekalu la Sanyuan, hekalu la dini ya Kidao. Walichukua bendera nyeusi yenye nyota 3, iliyotumika katika ibada za hapo, wakaifanya bendera ya vita. Waliapa kusonga mbele inaposonga na kurudi inaporudi. Wasomi wenye mashamba, akiwemo He Yucheng, walipeleka wito katika vijiji vingine.

Wanahistoria wengi huliona tukio la Sanyuanli kama mwanzo wa uzalendo wa Kichina wa zama hizi. Ni sahihi kwa kiasi, lakini maelezo hayo yanaweza kuificha sura ya watu wenyewe. Waliokusanyika pale hawakuwa wamesoma nadharia ya taifa. Walikuwa watu wa dini na watu wa ukoo, waliotoka madhabahuni wakiwa na mikuki, majembe, mapanga na bunduki chache za kienyeji. Nasi tunao mfano wa karibu. Mwaka 1905 wakulima wa kusini mwa Tanganyika waliingia katika Vita vya Maji Maji wakiwa wameunganishwa na imani ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Huko Ngarambe, sawa na Sanyuanli, ni imani iliyowafanya watu wa vijiji mbalimbali wasimame kama watu wamoja.

Tarehe 30 Mei maelfu ya wanavijiji walijitokeza mbele ya ngome. Gough alitoka na askari wake kuwatawanya. Wanavijiji walirudi nyuma taratibu wakiwavuta Waingereza kuelekea mahali paitwapo Niulangang, penye mashamba ya mpunga na njia nyembamba. Joto lilikuwa kali, na mmoja wa maofisa wa Kiingereza alianguka akafa kwa sababu yake. Kisha mvua kubwa ya radi ikanyesha.

Mvua ile ndiyo iliyogeuza mizani. Bunduki za askari wengi zilikuwa za gumegume, ambazo huwasha baruti kwa cheche ya jiwe. Baruti ilipolowa, bunduki ikawa fimbo tu. Kundi moja la askari wapatao 60 wa Kikosi cha 37 cha Madras lilipoteza njia na kuzingirwa katika mashamba yaliyojaa maji. Walijipanga mraba na kujitetea kwa singe kwa saa kadhaa, hadi usiku walipofikiwa na askari wa majini waliokuwa na bunduki za fataki, aina mpya iliyoweza kufyatuka hata mvuani.

Hapa msomaji na atue kidogo. Waliozingirwa matopeni hawakuwa Waingereza isipokuwa maofisa wao. Walikuwa Wahindi kutoka Madras, watu wa dini zao na vijiji vyao, walioajiriwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Walipigana na wakulima wa Kichina kwa ajili ya biashara ya zao lililolimwa na wakulima wenzao wa Kihindi, na faida ikaenda London. Mwaka huohuo wa 1841 balozi mdogo wa Uingereza, Atkins Hamerton, alifika Unguja kwa Seyyid Said. Dola iliyokuwa ikipiga hodi katika pwani yetu kwa barua na heshima ndiyo iliyokuwa ikipiga hodi Guangzhou kwa mizinga.

Kesho yake wanavijiji waliizingira ngome, idadi yao ikiwa imezidi. Gough alitishia kuushambulia mji iwapo hawataondoka. Liwali wa Guangzhou, Yu Baochun, akatumwa kuwasihi. Aliwageukia kwanza wasomi na wenye mashamba. Hao walipoondoka, wakulima nao wakatawanyika. Fidia ikalipwa na Waingereza wakaondoka. Baadaye mwaka huo watahiniwa wa mitihani ya serikali walikataa kufanya mtihani chini ya usimamizi wa liwali huyo, kwa kuwa walimhesabu kuwa aliyewauza wananchi. Vita vyenyewe viliendelea hadi 1842, ulipotiwa saini Mkataba wa Nanjing ulioipa Uingereza Hong Kong.

Idadi zinazopishana

Ni wangapi waliokufa Sanyuanli? Taarifa za Waingereza zinawahesabu wafu wao kwa vidole. Baadhi ya taarifa za Kichina zinasema kwamba askari wa Uingereza waliouawa walizidi 200. Mwanahistoria wa Kichina Mao Haijian, katika utafiti wake wa Vita vya Kasumba uliochapishwa mwaka 1995, alionyesha jinsi idadi hizo zilivyokuwa zikiongezeka kadiri kisa kilivyosimuliwa. Mmarekani Frederic Wakeman alikuwa amekifungulia kisa hichohicho kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu machafuko ya kusini mwa China.

Kupishana huko si ajabu. Jeshi lina karani anayeandika jina, cheo, kikosi na siku ya kufa ya kila askari wake. Kijiji kina mjane tu. Ndiyo maana wanahistoria wanaweza kubishana kwa miaka juu ya idadi ya maadui waliouawa, huku wakulima waliokufa wenyewe, ambao ndio wenye kisa, wakibaki na majina machache mno yaliyohifadhiwa.

Jamhuri ya Watu wa China ilipoanzishwa mwaka 1949, serikali mpya haikukawia kulishughulikia jambo hili. Mnara wa Sanyuanli ulijengwa mwaka 1950. Maandishi yake yanawaenzi kwa jumla mashahidi waliokufa wakipinga uvamizi wa Uingereza mwaka 1841. Hekalu likafanywa makumbusho mwaka 1958, na mwaka 1961 likaingizwa katika orodha ya kwanza ya urithi wa kitaifa unaolindwa na dola. Kisa kikaingia katika vitabu vya shule. Katika masimulizi hayo mapya wakulima walitukuzwa, liwali akalaaniwa, na bendera ya hekaluni ikawa zaidi bendera ya taifa kuliko ya ibada.

Kila dola hukumbuka kwa makusudi yake, na China haiko peke yake katika hilo. Hata hivyo mkulima aliyesahauliwa kwa miaka 109 alipata angalau jiwe.

Kaburi la jirani

Si mbali na Sanyuanli pana mahali pengine pa kumbukumbu, ambapo Waafrika wengi wanapafahamu vizuri zaidi kuliko mnara. Ni msikiti wa Xianxian na kaburi lililo katika bustani yake. Waislamu wa China hupokea kwa mapokeo kwamba hapo amelazwa Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume na jemadari wa Qadisiya. Wanahistoria wa Kiarabu wanasema alifia karibu na Madina, kwa hiyo huenda aliyezikwa Guangzhou ni mwingine. Hilo halijawazuia waumini. Siku ya Ijumaa Waafrika husali hapo bega kwa bega na Wachina wa kabila la Wahui, Waarabu na Wapakistani.

Waislamu wa mji huo wana pia mashujaa wao wa nyumbani. Mwaka 1650 majeshi ya Qing yalipouteka mji baada ya kuuzingira kwa miezi mingi, makamanda watatu Waislamu, Yu Fengqi, Ma Chengzu na Sa Zhifu, walikufa wakiwa upande wa nasaba ya Ming iliyokuwa ikianguka. Historia imewapa sifa ya waaminifu watatu wa dini. Walikuwa wachache katika nchi ya dini nyingine, na kumbukumbu yao imehifadhiwa mara mbili: na historia ya mji waliouhami, na jamaa ya dini waliyokuwa wakiishika.

Hali hiyo, ya askari anayekufa kwa ajili ya nchi huku akidaiwa pia na dini yake, ipo katika dini zote. Miongoni mwa Wayahudi imekuwa na utaratibu wa pekee, nao umewahi kugusa ardhi ya Afrika Mashariki.

Kukumbuka kwa jina

Katika dini ya Kiyahudi maiti huzikwa haraka, katika sanda ya kawaida, tajiri na maskini sawa. Aliyeuawa na kumwaga damu, kwa desturi, haoshwi wala kubadilishwa nguo. Huzikwa na damu yake. Msomaji Mwislamu atatambua mara moja ufanano na hukumu ya shahidi wa vita katika dini yake. Baada ya maziko wana na ndugu husoma sala iitwayo Kaddish, mbele ya jamaa wasiopungua 10. Ni sala ya kumsifu Mungu, na kifo hakitajwi ndani yake hata mara moja. Kila mwaka, siku ya kufa ikirejea kwa kalenda ya Kiebrania, huwashwa mshumaa nyumbani. Anayezuru kaburi huweka kijiwe juu yake.

Katika yote hayo kiini ni jina: fulani mwana wa fulani. Waliosoma Biblia watakumbuka jinsi Daudi alivyowalilia Sauli na Yonathani walioanguka katika mlima Gilboa, akiwataja kwa majina yao. Sheria haimtaki mtu awalilie mashujaa kwa jumla, bali amkumbuke aliye wake.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai 1976 Yonathani mwingine alikufa Entebbe, Uganda. Ndege ya shirika la Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv ilikuwa imetekwa nyara baada ya kutua Athens, ikapelekwa Entebbe, ambako Rais Idi Amin aliwapokea watekaji. Makomando wa Israel waliruka hadi huko wakawaokoa mateka 102. Kamanda wa kundi la mashambulizi, Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, aliyekuwa na umri wa miaka 30, alipigwa risasi akafa. Hakujulikana kama mtu wa ibada nyingi, lakini alizikwa kwa taratibu za kumbukumbu za watu wake, katika makaburi ya kijeshi ya mlima Herzl mjini Jerusalem, ambako kaburi la kanali halitofautiani na la kuruta.

Operesheni yenyewe ilipewa jina lake. Julai 2016, miaka 40 baadaye, ndugu yake Benjamin, aliyekuwa waziri mkuu wa Israel, alisimama Entebbe pamoja na Rais Yoweri Museveni katika hafla ya kumkumbuka. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala na kuuawa baada ya uvamizi, naye hakuachwa: mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kuangushwa, yakapelekwa Jerusalem kuzikwa.

Usiku uleule waliuawa pia askari wa Uganda, wanaokadiriwa kuwa kati ya 20 na 45. Katika siku zilizofuata Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi, kwa sababu ndege za Israel ziliruhusiwa kujaza mafuta Nairobi. Ni nani anayeyajua majina yao? Askari wale walikuwa vijana walioajiriwa na jeshi la nchi yao na kupangiwa zamu ya ulinzi. Hawakuiteka ndege. Kwa kuwa walimtumikia dikteta, hakuna serikali iliyoona haraka ya kuwakumbuka. Mama zao hawakuzaa udikteta. Mwanajeshi mmoja ana vitabu na filamu. Wenzake waliokufa hatua chache kutoka alipoanguka yeye wana makadirio.

Si busara kumwonea wivu marehemu kwa heshima aliyopewa na watu wake, maana waliomkumbuka walitimiza wajibu wao. Wajibu wa kuwakumbuka wengine haukuwa wao. Ulikuwa wetu.

Kariakoo na kiwanja cha wasio na majina

Mfanyabiashara anayefunga mzigo wake Sanyuanli na kuusafirisha hadi Kariakoo huutoa katika jina moja la vita na kuupeleka katika jina jingine la vita. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, kilichokuwa na kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Kariokor ya Nairobi ina asili hiyohiyo.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki katika nchi isiyokuwa na barabara, ambako mbung'o waliua punda na ng'ombe. Risasi, unga na majeruhi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Upande wa Uingereza peke yake ulikusanya wapagazi wapatao milioni 1, wengi kwa nguvu. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa hawapungui 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kisichotosha. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri: kila aliyekufa apate jiwe sawa na la mwenzake, bila kujali cheo wala dini. Jiwe la Mkristo lilichongwa msalaba. Jiwe la Myahudi lilichongwa Nyota ya Daudi. Lakini kanuni hiyo haikumfikia mpagazi. Wakoloni waliona kwamba Mwafrika wa kijijini hahitaji jiwe, na maelfu ya makaburi yakaachwa yarudi kuwa pori.

Badala yake zilisimamishwa sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zilizozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanamwahidi anayepigana kwamba hata akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa.

Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town mnara wenye majina ya zaidi ya vibarua 1,700 weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo. Kwa hiyo hakuna tena hoja kwamba kazi hiyo haiwezekani. Inahitaji makaratasi yatafutwe, na wazee waulizwe kabla hawajaondoka.

Mgeni na kumbukumbu ya mwenyeji

Waafrika wa Guangzhou wana sababu yao ya kuyapima mambo haya. Uhusiano wao na mji umepitia mitihani. Julai 2009 zaidi ya Waafrika 100 walikusanyika mbele ya kituo cha polisi katika eneo hilo la Sanyuanli, baada ya Mnigeria kujeruhiwa alipoanguka kutoka ghorofani akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi, na mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Maafisa wa mji walisema wakati huo kwamba Waafrika waliokuwa wakiishi humo walikuwa wapatao 4,550. Miaka michache kabla yake walihesabiwa kuwa maelfu mengi zaidi.

Mtu aliyetendwa hivyo anaweza kuuliza: mnara wa Wachina unanihusu nini? Jibu ni kwamba unamhusu kwa namna mbili. Kwanza, anayelijua jeraha la mwenyeji wake huelewa kwa nini mwenyeji huyo humtazama mgeni mwenye bidhaa kwa jicho la tahadhari. Kuelewa si kukubali, lakini ni mwanzo wa mazungumzo. Pili, wakulima wa Sanyuanli hawakuwa wakuu wa dola. Walikuwa watu wa kawaida ambao mikataba ilitiwa saini juu ya vichwa vyao, jambo ambalo Mwafrika hahitaji kufundishwa.

Sisi tunaoishi mbali na nchi zetu tunalijua tatizo la kumbukumbu kwa upande wake mwingine. Uhamishoni mtu hupokea habari za misiba kwa simu, na makaburi ya wazazi hupaliliwa na mikono ya wengine. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba kukumbuka hakuhitaji kaburi liwe karibu. Kunahitaji jina, siku, na mtu mmoja aliyekubali kuwa na wajibu. Wayahudi waliotawanyika duniani kwa karne nyingi walilihifadhi jambo hilo kwa mshumaa na sala ya watu 10. Waislamu wa Guangzhou wamelihifadhi kwa msikiti mmoja. Wachina huenda makaburini mwanzoni mwa Aprili, katika sikukuu ya Qingming, wakafagia na kuweka maua.

Afrika Mashariki ina mifano yake mizuri pia. Songea, nchini Tanzania, makumbusho ya Maji Maji yamejengwa penye makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906, nao hukumbukwa kila mwaka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda hapo akaomba msamaha mbele ya vizazi vyao. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu wenyeji walikuwa wamejua muda wote ni nani aliyelala pale.

Wapagazi wa Kariakoo na walinzi wa Entebbe bado wanangoja. Hakuna Rais wa nchi ya kigeni atakayekuja kuwaombea heshima iwapo vijiji vyao havikuyaandika majina yao. Baadhi ya majina hayo yamo katika orodha za mishahara zilizohifadhiwa katika nyaraka. Mengine yamo vinywani mwa wajukuu waliokwisha kuwa wazee, na orodha hizo za vinywani ndizo zinazopungua kila mwaka.